Ukungu kwenye mimea ya dawa: mwongozo kamili wa kuuzuia kwa dawa za mimea katika hewa ya Dar es Salaam

Kila masika swali ni lilelile, kutoka Bunju mpaka Chanika: "Nimepulizia mwarobaini mara tatu, mbona mrehani bado unaoza?" Mara nyingi mwarobaini hauna kosa. Umefika umechelewa, umepuliziwa upande wa jani usio na ugonjwa, au umewekwa kwenye bustani inayolala imelowa kila usiku.

Shika jambo moja kabla ya kuendelea: dawa za mimea hukinga jani ambalo bado ni zima. Ukungu ukishapenya ndani ya jani, hakuna maji ya vitunguu wala ya mwarobaini yatakayoutoa. Kwa hiyo siku ya kupulizia huamuliwa na mvua na umande. Ukisubiri madoa yaonekane, umeshapoteza majani hayo, na kazi iliyobaki ni kuokoa yanayochipua.

Mwongozo huu unahusu mimea inayolimwa sana kwenye viwanja na vibaraza vya Dar: mrehani na kivumbasi, mchaichai, mnanaa, tangawizi, manjano na mlonge.

## Mahitaji

- Kopo lenye pande zilizonyooka, mfano la maziwa ya unga, na rula. Hiki ndicho kipimo chako cha mvua.
- Daftari na kalamu.
- Mizani ya jikoni, kikombe chenye alama za mililita, na bomba la sindano la mililita 5 au 10 kutoka duka la dawa, bila sindano yake.
- Chupa ya kupulizia ya lita 1 au 2. Kwa eneo kubwa, bomba la mgongoni la lita 16. Lisiwe limewahi kubeba dawa ya magugu hata mara moja, maana mabaki yake hayaishi kwa kusuuza.
- Kinu na mchi, au blenda ambayo haitarudi tena jikoni.
- Ndoo mbili zenye mifuniko, na kitambaa chepesi cha kuchujia.
- Vitunguu saumu, majani mabichi ya mwarobaini, mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa bila moto, na sabuni ya mche.
- Mkasi, spiriti ya kufutia mkasi, glavu, barakoa na miwani.
- Nyasi kavu za matandazo.

Usinunue sabuni ya unga ya kufulia kwa kazi hii. Ina chumvi na viongezo vinavyounguza majani laini kama ya mrehani, na kuungua huko hufanana sana na ugonjwa unaoutibu.

## Hatua ya 1: Jua unapambana na nini

Toka saa 12 na nusu asubuhi, kabla umande haujakauka. Ukungu mwingi huzaa usiku, na asubuhi ndipo unaonekana vizuri. Geuza majani, angalia chini yake, kisha shuka mpaka shinani.

Unga mweupe juu ya jani, unafutika kwa kidole. Huu ni ubwiri unga. Hupenda mlonge, hasa miche, na mnanaa uliobanana kivulini. Hushangaza wengi kwa sababu huja wakati wa kiangazi, Juni mpaka Septemba, mvua ikiwa imekatika. Sababu ni kwamba hauhitaji jani lililolowa. Unataka usiku wenye unyevu hewani na mchana mkavu, na maji ya mvua huharibu chembe zake.

Njano juu ya jani kati ya mishipa, vumbi la kijivu au zambarau iliyofifia upande wa chini. Huu ni ubwiri vinyoya wa mrehani, na ndio unaopotosha watu kuliko wote. Wanaona njano, wanadhani mmea una njaa, wanaongeza samadi. Samadi huleta majani mengi laini, majani hubanana, unyevu hukaa, na ndani ya wiki bustani yote imechukuliwa. Usiweke mbolea kwenye mrehani wenye njano kabla hujageuza jani.

Mistari au vipele vya rangi ya kutu. Pitisha tishu nyeupe juu ya jani la mchaichai. Ikitoka na vumbi la kahawia, ni kutu. Kwenye mnanaa kutu huanza kama vijipele vya rangi ya chungwa upande wa chini.

Madoa yenye kitovu cha kijivu na ukingo wa kahawia. Haya ni madoa ya majani, chule ikiwa mojawapo. Manjano huyapata sana Aprili na Mei, na hupanda mmea kutoka majani ya chini kwa sababu matone ya mvua hurusha udongo wenye chembe za ugonjwa.

Tangawizi inageuka njano kuanzia ncha za majani ya chini, shina linang'oka ukilivuta kidogo, na tunguu ni laini na linanuka. Huu ni uozo wa Pythium, kimelea kilicho karibu zaidi na mwani kuliko ukungu wa kweli. Chembe zake huogelea, kwa hiyo udongo unaotuamisha maji ni barabara yake.

Nyuzi nyeupe chini ya shina, na vipunje vya kahawia kama mbegu za haradali. Huyu ni Sclerotium. Hupenda joto kali likichanganyika na unyevu, na vipunje vile hukaa udongoni miaka.

Mmea unanyauka mchana ilhali udongo una maji, kuanzia tawi moja. Pasua shina kwa wembe. Michirizi ya kahawia ndani inaashiria mnyauko fuzari.

Kwa tangawizi inayonyauka ikiwa bado ya kijani, fanya jaribio la glasi. Kata kipande cha shina karibu na udongo na ukining'inize kwenye glasi ya maji safi kwa dakika 5. Ukiona uzi wa maziwamaziwa ukishuka kutoka kwenye kidonda, hao ni bakteria, na mwongozo huu hautakusaidia. Ng'oa mmea, na usipande tangawizi hapo msimu ujao.

Sasa amua. Ubwiri wa aina zote mbili, kutu na madoa ya majani huzuilika kwa dawa za kupulizia za mimea, ingawa ubwiri vinyoya ndio mkaidi kuliko wenzake. Uozo wa mizizi, Sclerotium na fuzari havitibiki kwa kupulizia, hata ukipulizia kila siku. Ukiwa na mojawapo ya hayo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayohusu magonjwa ya udongo chini ya Hatua ya 3.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kusema jina la ugonjwa na upande wa jani unapokaa.

## Hatua ya 2: Soma hewa ya uwanja wako

Dar ina masika Machi mpaka Mei, Aprili ikiongoza kwa mvua, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Joto la usiku kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa kati ya nyuzi 20 na 25, na hapo ndipo vimelea vingi vya majani vinapostawi. Joto la kuviotesha lipo karibu mwaka mzima. Kinachobadilika ni muda ambao jani linakaa limelowa, na huo ndio utakaoupima.

Pima kwa kuangalia mara mbili. Saa 4 usiku shika jani la katikati ya mmea kwa vidole vikavu. Saa 2 asubuhi bandika kipande cha tishu juu ya jani hilohilo. Likiwa limelowa mara zote mbili, limekaa na maji kwa saa 10 hivi. Mbegu za ukungu wa majani kwa kawaida huhitaji saa kadhaa mfululizo za kulowa, mara nyingi 6 au zaidi, ili ziote na kupenya. Saa 10 zinatosha na kubaki.

Weka kopo la kupimia mvua mahali pa wazi, mbali na paa na mti, na ulikazie kwa mawe. Kila asubuhi saa 3 chovya rula, andika milimita, mwaga maji. Usitegemee mvua ya jirani. Tegeta inaweza kulowa chapachapa wakati Mbagala kuna vumbi.

Fuata pia utabiri wa siku 10 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa unapokaribia mwanzo wa masika na vuli. Kinachotafutwa pale ni dirisha: siku moja au mbili kavu kabla mvua haijaanza. Hizo ndizo siku za kupulizia.

Taa ya hatari inawaka pale:

- majani yanapolowa kwa saa 10 au zaidi usiku mbili mfululizo, au
- kopo linapoonyesha mvua siku tatu kati ya tano, au
- kwa ubwiri unga peke yake, usiku ni wa baridi kidogo, mchana mkavu, na hakujanyesha kwa wiki mbili.

Umefanikiwa ukiwa na daftari lenye siku 7 za milimita na hali ya majani. Bila hilo utabaki unakisia.

## Hatua ya 3: Punguza unyevu kabla hujagusa kinu

Hapa ndipo ushindi unapopatikana au kupotezwa, nasi tungependa msomaji atumie nguvu zake nyingi zaidi hapa kuliko kwenye dawa. Dawa huongeza kinga. Haiwezi kuchukua nafasi ya hewa inayopita.

Nafasi. Mrehani upewe sentimita 30 kati ya mche na mche na 45 kati ya mistari. Mchaichai 60 kwa 60 au zaidi, kwa sababu shina moja huwa kichaka ndani ya miezi sita. Kama umeshapanda ukabananisha, ng'oa mmoja katikati ya kila miwili. Inauma, lakini nusu iliyobaki itavunwa.

Kupogoa. Kwenye mrehani ondoa majani yote yaliyo chini ya sentimita 10 kutoka udongoni. Kwenye mchaichai wenye kutu kata kichaka chote kibaki sentimita 15, choma majani yaliyokatwa, na acha kichipue upya. Kazi hii ifanyike majani yakiwa makavu, kuanzia saa 4 asubuhi. Ukipita kwenye majani yaliyolowa, mikono na nguo zako ndizo zinazosambaza chembe. Futa mkasi kwa spiriti kila unapohama mmea.

Maji. Mwagilia shinani, asubuhi. Mpira wenye kichwa cha manyunyu unaotumika jioni baada ya kazi ni chanzo kimoja kikubwa cha ukungu mijini, kwani unalilowesha jani saa 12 jioni halafu usiku mzima linaendelea kulowa.

Matandazo. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 ili tone la mvua lisirushe udongo kwenye majani. Acha duara tupu la sentimita 5 hadi 8 kuzunguka shina. Matandazo yanayogusa shina hulifunika kwa unyevu na kumkaribisha Sclerotium.

Mifereji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena, kisha pima. Maji yakishuka kwa kasi iliyo pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, tangawizi itaoza hapo. Mchanga wa Kigamboni hupita jaribio hili kirahisi, mabonde ya mfinyanzi hayapiti. Suluhisho ni tuta la kimo cha sentimita 30, lililochanganywa na mboji iliyoiva, au kupanda kwenye viroba vilivyotobolewa chini.

### Kwa magonjwa ya udongo

Ng'oa mmea mgonjwa pamoja na udongo wa kuzunguka mizizi, kama ukubwa wa sufuria ya wali wa watu wawili, ukiweka moja kwa moja kwenye mfuko usiovuja. Choma mmea. Usiutupe kwenye shimo la mboji, kwa kuwa mboji ya nyumbani ni nadra kupata joto la kuua vipunje vya Sclerotium.

Kwa kitalu, pika udongo kwa jua Januari na Februari. Sawazisha tuta, limwagie maji hadi lilowe kina cha sentimita 30, kisha lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, uzifukie kingo zake kwa udongo na uache wiki 4 hadi 6. Iwe nailoni angavu. Nyeusi hubakiza joto kwenye nailoni yenyewe badala ya kulipeleka chini.

Mbegu ya tangawizi: chagua matunguu magumu yasiyo na doa, yaloweshe kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 10, yatoe, yaanike kivulini. Bila kipimajoto usijaribu. Nyuzi 55 zitaua vichipukizi, na nyuzi 45 ni kuosha tu. Ukishakata vipande vya kupanda, viache siku 3 hadi 5 mpaka kidonda kifunge.

Umefanikiwa ukiwa majani yanakauka kabla ya saa 3 asubuhi siku isiyo na mvua. Wapo watakaoona ugonjwa umesimama hapahapa, bila dawa yoyote.

## Hatua ya 4: Tengeneza dawa

Chagua kwa kufuata ugonjwa uliouona kwenye Hatua ya 1. Usichanganye zote kwenye ndoo moja. Mafuta ndani ya maji ya vitunguu hujitenga, na jani hupata tone la mafuta hapa na maji matupu pale.

### A. Maji ya kitunguu saumu, kwa kutu, madoa ya majani na kinga ya ubwiri vinyoya

1. Menya gramu 100 za vitunguu saumu.
2. Ponda mpaka viwe uji, kisha subiri dakika 10 bila kuongeza maji. Kiini chake chenye nguvu, alisini, hakimo ndani ya punje nzima. Huundwa pale punje inapopondwa, na dakika hizo ndizo zinazokijenga.
3. Ongeza lita 1 ya maji ya kawaida, funika, acha saa 1.
4. Chuja mara mbili. Makapi yakibaki yataziba mdomo wa chupa.
5. Ongeza lita 4 za maji na gramu 5 za sabuni ya mche iliyokunwa na kuyeyushwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kidogo.

Usichemshe. Moto huharibu kile ulichokiponda kukipata, na hili ndilo kosa linaloua dawa hii katika nyumba nyingi. Tumia siku hiyohiyo. Kesho itakuwa na harufu tu.

### B. Maji ya majani ya mwarobaini, kwa kinga ya kila wiki wakati wa mvua

Twanga kilo 1 ya majani mabichi yaliyokomaa, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha ndoo ikiwa imefunikwa na iko kivulini, chuja, ongeza gramu 5 za sabuni iliyoyeyushwa. Pulizia bila kuongeza maji. Nguvu yake dhidi ya ukungu ni ya wastani, kwa hiyo isitegemewe peke yake ugonjwa ukishaingia. Faida yake ni kwamba majani yanapatikana bure karibu kila mtaa.

### C. Mafuta ya mwarobaini, kwa ubwiri unga

Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa ugonjwa wake. Ubwiri unga huishi juu ya jani, na mafuta huufunika na kuukatia pumzi.

1. Asubuhi za Julai mafuta yakiwa yameganda, simamisha chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu.
2. Yeyusha gramu 2 za sabuni kwenye mililita 100 za maji ya uvuguvugu.
3. Vuta mililita 5 za mafuta kwa bomba la sindano, yamimine kidogokidogo kwenye maji ya sabuni huku ukitikisa kwa nguvu.
4. Ikishakuwa nyeupe, ongeza maji hadi ifike lita 1.

Utaratibu huu usigeuzwe. Mafuta yakitangulia kwenye maji mengi kabla ya sabuni, huelea na hayarudi. Iache dakika 5: ikibaki ya rangi ya maziwa bila macho ya mafuta juu, imefaulu. Macho yakitokea, usipulizie, maana kila jicho ni jani lililoungua. Tumia ndani ya saa 8, ukitikisa kila baada ya dakika chache.

### Usitumie hivi

Maji ya tumbaku na ya utupa hupendekezwa sana, eti kwa kuwa ni vya asili. Nikotini hupenya ngozi na ni sumu kwa mpuliziaji, utupa huua samaki, na vyote viwili ni vya wadudu, si vya ukungu. Mmea huu utachemshwa na kunywewa na mtu ambaye tayari anaumwa. Visikaribie bustani yako.

Mafuta ya mwarobaini nayo yasikae karibu na watoto. Yakinywewa ni hatari kwao, hasa wachanga. Andika jina kwenye chupa na uifungie.

## Hatua ya 5: Jaribu kwenye majani matano

Pulizia majani matano ya mmea mmoja na usubiri siku 2. Kingo zikikauka au madoa ya kahawia yakitokea, punguza dawa kwa nusu ukiongeza maji, kisha jaribu tena. Mnanaa na mrehani mchanga huungua haraka kuliko mchaichai.

## Hatua ya 6: Pulizia kwa saa yake

Hapa pana mvutano ambao miongozo mingi huuruka. Jua la mchana huvunja viini vya mwarobaini haraka, na mafuta kwenye jani lenye joto la nyuzi 32 na zaidi huliunguza, kwa hiyo watu huambiwa wapulizie jioni. Lakini dawa ni maji. Ukipulizia saa 12 jioni umelilowesha jani usiku kucha, na umeutengenezea ukungu kitanda.

Saa inayofaa Dar ni kuanzia saa 10 mpaka saa 10 na nusu jioni. Jua limepungua makali, na bado kuna saa moja na nusu hivi ya mwanga ili jani likauke kabla ya giza. Kama siku ni ya mawingu, pulizia saa 3 asubuhi umande ukishakauka. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, ahirisha.

Vaa glavu, barakoa na miwani. Anza chini ya jani, chupa ikielekea juu, kisha malizia juu. Ubwiri vinyoya na kutu ya mnanaa viko chini, na hapo ndipo dawa nyingi hazifiki. Simama pale matone yanapotaka kuanza kudondoka. Lita 1 inatosha mita 10 za mraba za mrehani uliokomaa. Ikibaki nusu, umeacha majani. Ikikwisha katikati, unaogesha mimea.

Mrehani ukiwa kwenye maua, kata maua kwanza ili usiwapulizie nyuki.

Umefanikiwa ukiwa jani uliloligeuza lina matone madogo kila mahali upande wa chini, na saa 12 jioni limekauka.

## Hatua ya 7: Rudia kwa kufuata kopo

Kipimo cha kufanyia kazi ni hiki: kopo likionyesha jumla ya milimita 10 tangu upulizie, hesabu dawa imeoshwa. Rudia kwenye dirisha kavu linalofuata. Bila mvua, rudia kila baada ya siku 7. Kwa ubwiri unga mara tatu mfululizo kwa mafuta hutosha, kisha acha mmea upumzike. Mafuta yanayorundikana huziba matundu ya jani.

Katika Aprili yenye mvua za kila siku huenda usipate dirisha kabisa. Wakati huo usilazimishe kupulizia kati ya manyunyu. Funika mimea michache ya thamani kwa nailoni angavu iliyoinuliwa mita 1.5 juu, pande zote zikiwa wazi, na vuna mapema ile mingine.

Kila mara andika tarehe, dawa, na idadi ya majani yenye dalili kwenye mimea mitano ileile. Angalia majani *mapya* tu. Yale ya zamani yatabaki na madoa mpaka yaanguke, na watu huacha dawa nzuri kwa kuyatazama hayo. Majani matatu mapya ya juu yakiwa safi baada ya siku 10, unashinda. Yakiwa na doa, rudi Hatua ya 3 kabla ya kuongeza nguvu ya dawa.

Ukifika mizunguko mitatu bila nafuu, mwite bwana shamba au bibi shamba wa kata akiwa na mmea mbele yake. Akikupendekezea kiuakuvu cha dukani, kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko zifuatwe zote.

## Hatua ya 8: Vuna na kausha, ukungu usikufuate ndani

Acha siku 7 kamili kati ya kupulizia na kuvuna. Kitunguu saumu hubadilisha harufu ya mrehani na mnanaa, na mafuta ya mwarobaini huacha uchungu. Vuna kuanzia saa 4 asubuhi jani likiwa kavu, tupa lenye doa, osha kwa maji yanayotiririka, kung'uta.

Ukaushaji ndio mtihani mkubwa wa Dar, kwa kuwa hewa yenyewe ina maji. Majani yakirundikwa sakafuni masika huoza kabla ya kukauka. Tandaza kwenye wavu ulioinuliwa, unene usiozidi sentimita 2, kivulini penye upepo, na geuza mara mbili kwa siku. Feni ya kawaida husaidia kuliko jua kali, ambalo hufukuza mafuta yenye harufu. Tangawizi na manjano zikatwe vipande vya milimita 3 hadi 5. Kwa kawaida majani huchukua siku 3 hadi 5, na masika zaidi.

Mzigo ulioota ukungu usichambuliwe wala usianikwe tena juani ili uuzwe. Baadhi ya ukungu wa ghalani hutengeneza sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na kuchemsha chai hakuiondoi. Choma.

Kabla ya kufunga, jaza chupa ya kioo nusu kwa majani uliyodhani yamekauka, kaza mfuniko, iache saa 24 mahali pa kawaida. Ukiona mvuke kwenye kioo, au jani lililokuwa likivunjika sasa linakunjika, rudisha mzigo wote kwenye wavu kwa siku nyingine na urudie jaribio. Kioo kikibaki kikavu na jani likavunjika kwa mlio, funga kwenye vyombo visivyopitisha hewa, andika tarehe ya kuvuna, na uviweke juu ya rafu, mbali na ukuta na sakafu.